Mkono wa Tatu wa Kulia

Debe la pili lilikuwa limefika nusu pale mkono wa pweza ulipojitokeza tena kwenye chungu alimojificha. Shakuntala aliacha kumimina. Aliegemeza debe gotini, maji yakichezacheza ndani yake, akainama mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo cha tangi.

Mkono ulipapasa mchanga, ukagusa kijiwe, ukakiacha, ukarudi ndani polepole.

"Wa pili," alisema.

"Hata jana ilikuwa ya pili," alijibu Kagwe, aliyekuwa amechuchumaa kando akijaza upepo kwenye tyubu ya lori kwa pampu ya baiskeli. "Huyu anajua tunatafuta nini, Memsabu. Anatuficha makusudi."

"Labda. Au hana haja ya kuutoa."

Tyubu ile ilikuwa pumzi ya pweza. Mpira mwembamba ulitoka kwenye valvu yake ukashuka hadi chini ya tangi, na vipovu vikapanda kimoja kimoja usiku na mchana. Tangi lenyewe lilikuwa la saruji, upande wa mbele umewekwa kioo kilichotolewa kwenye kabati kuukuu la dukani. Lilijengwa stoo, nyuma ya duka la nguo na nafaka la Himatlal na nduguye mjini Thika, katikati ya magunia ya dengu na marobota ya amerikani. Halikujengwa nyumbani, kwa sababu katika nyumba hiyo hapakuwahi kuingia nyama wala samaki wala yai tangu kuta ziliposimama.

Pweza aliletwa na Amrik Singh, gadi wa treni, kama mzaha. Alishuka naye stesheni ndani ya debe, akamwonyesha Shakuntala kifundo cha mkono wake kilichojaa alama za duara, akasema, "Pehlwan huyu! Mpiga mieleka! Amenishika tangu Voi." Jina likabaki Pehlwan, na kwa kuwa wapiga mieleka ni wanaume, kila mtu akaamini pweza ni dume. Tangu hapo, kila Amrik alipopanda kutoka Mombasa alileta madebe ya maji ya bahari, na Kagwe alitafuta kaa wa mto Chania, kazi ambayo mwaka huo wa hamsini na tano ilihitaji kuonyesha pasi kwa homgadi, mlinzi wa serikali, darajani na kueleza upya kila mara kwamba kaa hawa si chakula cha wapiganaji wa msituni.

"Wananiuliza nani anakula hizi," Kagwe alisimulia siku moja. "Nikasema Mhindi. Wakacheka! Mhindi anakula kaa? Nikasema basi ni mnyama wa Mhindi. Wakacheka zaidi. Mimi Mgikuyu, samaki sijawahi weka mdomoni, sasa nimekuwa mpishi wa hii kitu."

Shakuntala hakufundishwa na mtu habari za pweza. Alijifunza kwa kukaa. Asubuhi, kazi za jikoni zikiisha, alivuta kigoda akatazama. Alijua rangi ya Pehlwan akishiba, kahawia yenye mabaka kama ganda la mti. Alijua ile ya hofu, nyeupe inayopita mwilini kama kivuli cha wingu. Alilinganisha pumzi ya mnyama na yake mwenyewe, na alijua ikienda mbio kuna jambo. Kuhusu dume na jike, alichojua ni kile Amrik alichoambiwa na wavuvi wa Mombasa: hesabu mikono ya kulia kuanzia mbele, wa tatu, kama ni wa dume, ncha yake ni laini, haina vikombe. Jike ana vikombe mpaka mwisho kabisa. Tatizo ni kwamba Pehlwan alipokuwa bado akitoka kula, mkono huo aliukunja chini yake. Dume huukunja. Lakini mtu akikunja mkono, si lazima awe anaficha kitu. Shakuntala hakutaka kusema kabla ya kuona.

Wiki mbili nyuma alikuwa ameulizwa. Aliyeuliza ni Himatlal, kaka mkubwa wa Jayant mumewe, aliyekuwa anatafuta kiwanja Ruiru cha kujenga kiwanda cha soda. Bwana Harwood, mwenye shamba la kahawa upande wa Mugutha, karibu na Ruiru, alikuwa na neno kwenye kamati ya viwanja, na pia alikuwa na chumba kizima cha samaki wa kufugwa kwenye matangi ya vioo. Alisikia habari za pweza wa Thika, akamtaka. Lakini alitaka dume mwenye afya. Majike, alisema, hutaga mayai halafu hufa, na yeye hakutaka kupelekewa maiti.

Himatlal hakumuuliza Shakuntala mwenyewe. Hakuweza. Kwa desturi yao mke wa mdogo hasemi na kaka mkubwa wa mumewe. Hufunika uso kwa pindo la sari anapopita, na likiwapo neno, linapitia kwa mama. Mama huyo alikuwa Maniben, mama mkwe wake, ambaye wote walimwita Ba. Kwa miaka tisa maneno ya Himatlal na Shakuntala yalipita mdomoni kwa Ba, hata walipokuwa chumba kimoja.

"Ba, muulize kama ni dume na ni mzima," Himatlal alisema siku ile.

"Ba, mwambie sijui bado. Sijauona mkono," alijibu Shakuntala.

Ba akageuka akasema, "Anasema ndiyo."

Shakuntala alisikia. Alifikiri ni jambo dogo litakalosahauliwa. Jioni hiyo hiyo Himatlal alimtumia Bwana Harwood habari: dume, mzima. Na leo, Ijumaa asubuhi, lori la shamba lilikuwa linakuja kumchukua.

Wakati huohuo Pehlwan alikuwa ameacha kula.

Kagwe alisema kaa wa mto wamemchosha, anataka wa kwao. Himatlal, aliyechungulia kutoka mlangoni, alisema anaumwa, na sababu hiyo hiyo iwafanye wamwondoe haraka afie kwa mzungu. Ba naye alihesabu siku kwa vidole, akagundua kwamba mnyama alikataa kaa wa kwanza siku ya kumi na moja ya mwezi, siku ambayo yeye Ba hufunga.

"Amefunga," alitangaza. "Msimsumbue. Hata mimi mkinipa chakula siku hiyo nitawatupia."

"Lakini Ba, siku hiyo imepita," alisema Shakuntala.

"Wapo wanaounganisha."

Shakuntala hakumpinga. Hakumpinga Kagwe pia. Aliendelea kutazama. Pumzi haikuwa ya mgonjwa. Ilikuwa ndefu na yenye nguvu, na kila mara maji yalipulizwa juu, kwenye dari la chungu, si nje. Rangi ilikuwa imepauka kidogo, lakini haikuwa nyeupe ya hofu. Zaidi ya hayo, pweza alikuwa ameviringisha mawe, moja baada ya jingine, akayapanga mlangoni pa chungu kama mtu anayejenga kizingiti.

"Kagwe, fungua dirisha."

"Lote?"

"Lote. Na uniletee kile kioo changu cha kuchania nywele."

Jua la saa nne lilikuwa limefika kwenye magunia. Alilipokea kwa kioo kile, akalipeleka polepole ukutani, akalishusha kwenye tangi, akaliweka juu ya mchanga, mbali na jicho la mnyama. Alingoja pumzi zitulie. Ndipo akalisogeza kidogo, likaingia mlangoni pa chungu na kupanda kwenye dari lake.

Mkono ulikuwa umenyooka huko juu. Alihesabu kutoka mbele. Wa kwanza ulishika ukingo. Wa pili ulikuwa nje kidogo. Wa tatu ndio uliokuwa ukipangusa dari, kwa uangalifu, kama mwanamke anayepitisha vidole kwenye nywele za mtoto aliyelala. Na ulichopangusa ni nyuzi nyeupe, nyingi, zimening'inia, kila uzi umejaa punje ndogo kuliko mchele. Zilikuwa kama mashada ya maua ya asumini yanayotundikwa mlangoni siku ya harusi.

Shakuntala alishusha kioo.

"Umeona ncha?" aliuliza Kagwe.

"Sikuiona vizuri. Lakini nimeona mayai."

"Atĩ mayai?" Kagwe alilala tumboni sakafuni, akatazama kwa muda mrefu. Alipoinuka hakucheka. "Kwa hivyo huyu Pehlwan ni mama."

"Ni mama."

Nje honi ililia.

Shakuntala alivuta pindo la sari likafunika paji la uso, macho na pua. Ba aliingia kwanza, akihema, nyuma yake Himatlal aliyevaa koti lake la kwenda benki, na nyuma ya Himatlal dereva wa shamba, Mkamba mrefu aitwaye Kaleli, amebeba pipa dogo la bati lenye mfuniko.

"Ba," alisema Himatlal akitazama magunia ya dengu, "mwambie mke wa Jayant lori limefika. Mnyama atolewe."

"Ba, mwambie ni jike. Ana mayai chunguni. Akitolewa mayai yatakufa. Haondoki."

Ba alimgeukia mwanawe. "Anasema mnyama amechoka kidogo. Labda Jumapili."

"Jumapili! Mzungu ana wageni kesho. Mwambie hata akichoka, atapumzika Ruiru, kuna hewa nzuri."

"Ba, sikusema Jumapili," Shakuntala alinong'ona.

"Najua ulichosema," Ba alinong'ona pia. "Mimi nasema kile kinachopitika mlangoni."

"Anasemaje?" aliuliza Himatlal.

"Anasema ataangalia."

"Ameangalia mwezi mzima! Muulize tu: si ni dume mzima kama alivyosema?"

Ba alifungua mdomo. Shakuntala aliona, kupitia kitambaa, namna kidevu cha mama mkwe wake kilivyokuwa tayari kutikisika kwenda chini, kukubali, kama kilivyokubali kwa niaba yake juu ya mapazia, juu ya majina ya watoto, juu ya Jayant kupelekwa duka la Ruiru naye kubaki Thika.

Alishika pindo la sari akalirudisha nyuma mpaka likaangukia mabegani.

"Hapana," alisema.

Himatlal aliendelea kutazama magunia. "Ba, nani amesema?"

"Una macho, mwanangu," alijibu Ba, akaketi juu ya robota.

"Ni mimi, Kaka," alisema Shakuntala. Sauti yake haikupanda; hakuwa na sauti ya kupanda. "Ulipouliza wiki mbili zilizopita nilisema sijui. Leo najua. Ni jike, haumwi, analinda mayai. Haondoki."

Himatlal alipepesa macho kama aliyemwagiwa pilipili. Alimgeukia Kagwe. "Inua hicho chungu, tia kwenye pipa."

Kagwe alijifuta mikono kwenye suruali. "Bwana, kaa nilikamata. Maji nilibeba. Hii hapana."

"Hapana vipi? Wewe nimekuajiri!"

"Ndiyo, Bwana. Lakini mama yangu askari walimhamisha kutoka Gatongora na sufuria moja kichwani na mtoto wa dada yangu mgongoni, nyumba ikichomwa nyuma yake. Mimi nilikuwa hapo, sikuweza kitu. Leo ninaweza. Huyu sihamishi."

Himatlal alimtazama dereva.

"Mimi?" Kaleli alirudi hatua. "Mimi nimetumwa na mzungu kuchukua samaki. Huyu si samaki. Huyu ana miguu inatosha watu wanne. Mtie nyinyi, mimi nitaendesha."

"Nyumba nzima ya waoga!" Himatlal alivua koti, akakunja shati hadi juu ya kiwiko, saa yake ya fedha ikabaki mkononi. Ba alipiga kelele kwamba ameoga kwa sala, kwamba mkono huo utakuwa najisi mpaka Jumatatu. Hakusikia. Aliutumbukiza majini.

Mawe yaliviringika. Maji yaliruka kutoka chunguni yakampiga Himatlal usoni, na kabla hajafunga mdomo, mkono mmoja ulitoka gizani ukamzunguka kifundo cha mkono mara mbili.

"Ananivunja! Ba! Ananivunja!"

"Usivute," alisema Shakuntala. Alikuwa tayari kando yake, karibu kuliko alivyowahi kuwa naye kwa miaka tisa. "Ukivuta atakaza. Legeza vidole. Legeza kabisa. Hivyo."

"Ba, mwambie amtoe!"

"Atakuachia mwenyewe akiona huli watoto wake. Subiri."

Himatlal alibaki ameinama, shavu likikaribia maji, hana pa kwenda wala magunia ya kutazama. Jua lilikuwa bado linapita dirishani. Lilianguka juu ya kifundo chake, na kwenye kioo cha saa yake ilikuwa imelala ncha ya mkono ule.

"Hesabu, Kaka," alisema Shakuntala. "Wa kwanza uko pale, umeshika mlango. Wa pili huo hapo. Huu uliokushika ni wa tatu wa kulia. Angalia mwisho wake."

Himatlal, kwa kuwa hakuwa na la kufanya jingine, aliangalia. Vikombe vilipungua, vikawa kama mbegu za haradali, halafu kama ncha za sindano, lakini havikwisha. Vilifika mpaka mwisho.

"Dume angekuwa laini hapo," alisema Shakuntala. "Nimekaa siku zote hizi sikusema, kwa sababu sikuwa nimeuona. Sasa nimeuona, na wewe umeuona. Ukimpeleka utampelekea mzungu jike, na ukisema dume, utakuwa umesema wewe, si mimi. Mimi neno langu silitumi tena kwa mtu. Na nikwambie yote: hata akibaki atakufa. Mayai yakianguliwa, mama hufa. Huenda hata watoto wasiishi kwenye maji ya madebe. Sijui. Lakini hatakufa barabarani ndani ya pipa, watoto wakiwa wamening'inia wanatikisika mpaka Ruiru. Si nikiwa nimesimama hapa."

Mkono ulilegea. Ulipita juu ya saa mara moja zaidi, kana kwamba unaitambua, ukarudi chunguni. Himatlal alijinyoosha. Kwenye kifundo chake kulikuwa na safu ya alama nyekundu za duara.

"Na kiwanja?" aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwambia neno moja kwa moja, na hakuonekana kutambua.

"Habari za kiwanja sizijui, Kaka. Za pweza nazijua."

"Jayant anakuja kesho. Nitasema na mume wako."

"Sema naye. Halafu sema na mimi. Yeye hajui hata mikono ni mingapi."

Kaleli alikohoa kicheko akakigeuza kuwa kikohozi kamili. "Sasa mimi nimwambie nini mzungu?"

Himatlal alikuwa anatafuta tundu la mkono wa koti lake na halikupatikana.

"Mwambie," alisema Shakuntala, "pweza wa Thika ni jike, ana mayai, na mwenye kumtunza amekataa."

"Mwenye kumtunza nani?"

"Shakuntala."

Dereva alirudia jina hilo taratibu, akilipima, akatoka na pipa lake tupu. Himatlal alimfuata hadi mlangoni, akasimama.

"Kesho asubuhi nakuja na Amrik," alisema bila kugeuka. "Yeye ndiye aliyemleta. Yeye atamtoa."

"Njoo naye. Nitakuwa hapa."

Alipoondoka, Ba aliinuka kwenye robota, akakokota miguu hadi kwenye kioo, akainama kwa shida. Alitazama chungu muda mrefu.

"Nilisema amefunga," alisema hatimaye.

"Ulisema, Ba."

"Sikusema kwa nini, lakini nilisema." Akanyoosha mkono kuelekea pindo la sari lililokuwa mabegani mwa Shakuntala, kama anayetaka kulirudisha kichwani. Halafu akaliacha, akapangusa tone la maji kwenye shavu la mkwe wake badala yake. "Chai ipo jikoni. Ukichelewa itapoa." Akatoka.

Kagwe alikuwa akirudisha mawe mahali pake kwa kijiti kirefu, jiwe moja moja. Pweza aliyapokea, akayasogeza kidogo alivyotaka yeye. Shakuntala alimalizia nusu ya debe la pili, akimimina juu ya kiganja ili maji yasianguke kwa kishindo. Yalibaki madebe mawili. Aligusa la tatu; bati lilikuwa bado baridi kwa kulala stesheni. Maji mageni yakiingia yote siku moja yangemshtua mnyama.

"Tumwage?" aliuliza Kagwe.

"Hapana. Yakae yapate joto la chumba. Kesho."

"Kesho Bwana anakuja na yule Kalasinga wa treni."

"Basi watatukuta tunamwaga." Alifunika madebe kwa amerikani, akavuta kigoda chake kutoka mbele ya kioo, akakiweka katikati ya tangi na mlango, mahali ambapo mtu angeweza kupita tu kwa kumwomba anyanyuke. "Uje mapema, pasi yako ikikuruhusu. Tyubu iwe imejaa."

Kagwe aliminya tyubu kwa kidole gumba, akaitikia, akaichukua tena pampu.